Barafu Bawani na Rubani Anayechelewa Kuondoka

Hii ni hotuba kamili iliyotolewa mbele ya mkutano wa marubani binafsi, wanafunzi wa urubani na familia zao. Imewekwa hapa kwa ajili ya wote ambao hawakuweza kuhudhuria.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wa urubani, mafundi wetu, wanafunzi, na ninyi wake, waume na watoto wa marubani mliokubali kuja kusikiliza jambo ambalo huenda mngependa lisitajwe kabisa mbele yenu: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie ajali za ndege ndogo katika hali ya hewa yenye barafu. Naweza kuieleza barafu yenyewe kwa saa nzima, inavyojitengeneza na inavyogandamana, na baadaye kidogo nitaigusa. Lakini kuna jambo moja ninalotaka mlishike kabla ya mengine yote. Ukisoma taarifa za uchunguzi wa ajali hizi, utakuta mara nyingi kwamba rubani aliiona barafu. Aliiona, aliitaja, na wakati mwingine aliizungumzia redioni kwa sauti tulivu kabisa. Hakukosa habari. Alichelewa kuondoka.

Nitaanza na ajali ambayo kila rubani wa ndege binafsi anapaswa kuijua.

Asubuhi ya tarehe 20 Desemba 2011, ndege ya injini moja aina ya TBM 700 iliruka kutoka uwanja wa Teterboro, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, ikielekea Georgia na watu watano ndani yake. Hiyo si ndege dhaifu. Hupanda haraka, ina mipira inayovimba ili kuvunja barafu kwenye kingo za mbele za mabawa na mkia, rafadha yake, yaani panga linalozunguka na kuivuta ndege, hupashwa joto kwa umeme, na imeidhinishwa kuruka katika hali ya barafu. Rubani akaarifiwa na waongoza ndege kwamba mbele yake kulikuwa na barafu ya wastani kati ya futi 15,000 na 17,000. Akajibu kwamba atawaeleza hali ilivyo atakapokuwa ameingia, na kwamba ikiwa ataweza kupita moja kwa moja haitakuwa shida kwake.

Je, jibu hilo lina kosa gani? Likisikika peke yake, halina. Ni jibu la mtu mstaarabu mwenye ndege nzuri. Wengi wetu humu ndani tungejibu vivyo hivyo.

Muda mfupi baadaye, akiwa ndani ya wingu, rubani huyo alisema kwamba amekuwa akipata barafu kwa kitambo na kwamba kupandishwa juu zaidi kungemfaa sana. Sekunde chache zikapita, akaomba tena, safari hii akieleza kwamba ndege imeanza kutetemeka kidogo na kwamba angependa kupanda mapema iwezekanavyo. Mwongoza ndege akamwambia asubiri, kwa kuwa anga ya juu yake ilikuwa chini ya mwenzake na ilibidi wawasiliane kwanza. Ruhusa ilipatikana kabla ya dakika moja kwisha. Ndege ilifika karibu futi 17,800, kisha ikapoteza udhibiti, ikaporomoka, ikaanza kuvunjika ikiwa bado angani, na ikaangukia katikati ya barabara kuu ya 287. Wote watano walifariki. Miongoni mwa waliokuwa wakipita barabarani asubuhi ile, hakuna aliyeuawa.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilihitimisha kwamba chanzo cha ajali kilikuwa mambo mawili kwa pamoja: ndege kukutana na barafu kali ambayo haikuwa imetabiriwa, na rubani kutotumia mamlaka yake ya amri ili kuondoka humo kwa haraka.

Ndugu zangu, naomba tukae kidogo juu ya maneno hayo, "mamlaka yake ya amri". Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani, una kiambatisho cha pili kinachoeleza kanuni za anga, na ndani yake imeandikwa wazi kwamba rubani mkuu ndiye mwenye uamuzi wa mwisho juu ya ndege yake wakati yuko kwenye amri. Mwongoza ndege anapomwambia rubani asubiri, anafanya kazi yake sawasawa, maana ana ndege nyingine za kutenganisha naye haoni mabawa ya yeyote kati yenu. Anachokiona ni nukta kwenye kioo. Haijui barafu uliyonayo mpaka umwambie, na hataijua hatari uliyomo ikiwa utamweleza kwa lugha ya mgeni anayeomba maji ya kunywa. Ombi la adabu huwekwa kwenye foleni. Tangazo la dharura huondoa foleni yote.

Kwa nini basi hatutangazi? Nimewauliza marubani wengi swali hili, na majibu yao yanafanana. Wanaogopa kuonekana hawawezi. Wanaogopa karatasi za kujaza baadaye. Wanaamini kwamba dakika moja zaidi haitabadilisha kitu. Hofu mbili za kwanza nazielewa, ingawa nazichukia. Hiyo ya tatu ndiyo ninayotaka kuivunja leo, na ili niivunje sina budi kueleza barafu hufanya nini hasa.

Maji ndani ya wingu hayagandi kwa sababu tu hewa imefika nyuzi sifuri. Matone madogo huweza kubaki maji hata katika baridi kali sana, mpaka karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, ingawa sehemu kubwa ya barafu inayotusumbua hupatikana kati ya nyuzi sifuri na 20 chini yake. Matone hayo yanangoja kitu cha kugandia, na kitu hicho ni ndege yako. Yakiwa madogo na hewa ikiwa baridi sana, huganda papo hapo na kuacha barafu nyeupe, yenye mikwaruzo. Yakiwa makubwa na baridi ikiwa ya wastani, hutiririka kwanza juu ya bawa kisha yakaganda, na kuacha barafu angavu kama kioo, ngumu, nzito, iliyofika mahali ambapo vifaa vyako haviwezi kuifikia.

Wengi hudhani kwamba ndege huangushwa na uzito wa barafu. Uzito upo, lakini maangamizi yako kwenye umbo. Bawa linanyanyua ndege kwa sababu hewa hupita juu yake bila kukwaruzwa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imekuwa ikiwaonya marubani kwa miaka mingi kwamba barafu yenye unene na ukwaruzo wa msasa tu, ikikaa ukingo wa mbele na juu ya bawa, yaweza kupunguza nguvu ya kunyanyua kwa hadi asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa hadi asilimia 40. Msasa, jamani! Hatuzungumzii donge la barafu la kushika mkononi.

Sasa ichukueni ndege ndogo ya kawaida, ambayo injini yake ina nguvu kidogo tu ya akiba ikiwa angani. Ukinzani unapoongezeka, kasi inashuka. Rubani anayetaka kubaki kwenye kimo chake anainua pua kidogo. Pua ikiinuka, upande wa chini wa bawa unakabili matone, nao unaanza kukusanya barafu. Kasi inashuka zaidi. Rafadha nayo imevaa barafu, kwa hiyo hata nguvu ya injini iliyopo haivuti kama ilivyopaswa, na vipande vikianza kubanduka upande mmoja kabla ya mwingine, ndege nzima inatetemeka. Wakati huohuo ile kasi ambayo bawa hupoteza mnyanyuko inapanda. Kasi uliyonayo inashuka, kasi unayohitaji inapanda, na wewe umo katikati. Hiyo ndiyo dakika moja unayosema haitabadilisha kitu.

Na kitu cha kwanza kuondoka ni uwezo wa kupanda. Ule mlango wa juu ambao rubani wa New Jersey aliuomba hufungwa mapema kuliko milango mingine, hufungwa polepole, na hufungwa bila kelele.

Mtaniuliza: kengele ya tahadhari je? Ndege haina kengele inayolia kabla bawa halijapoteza mnyanyuko? Inayo. Lakini sikilizeni kilichotokea tarehe 16 Februari 2005 karibu na Pueblo, Colorado. Ndege ya biashara aina ya Cessna Citation 560, yenye marubani wawili waliofuzu na abiria sita, ilikuwa ikijiandaa kutua katika hali ya barafu. Marubani hawakuilinda kasi yao ipasavyo, na hawakuiwasha mipira ya mabawa kama kitabu cha ndege kilivyotaka wakati wa kukaribia kutua. Bawa likapoteza mnyanyuko na hawakuweza kujinasua. Wote wanane walifariki. Wachunguzi walieleza kwamba mfumo wa tahadhari haukuwa na nafasi ya kutosha ya kuwaonya ndani ya hali ya barafu. Kengele hupimwa kwa bawa lenye kiwango fulani cha usafi, na bawa lililochafuka hupoteza mnyanyuko kabla kengele haijajua. Ukiwa na barafu, usiingojee kengele. Huenda ikalia wakati ambao kusikia hakusaidii tena.

Jambo la mipira hiyo linanikera na sitaliacha lipite. Kwa miaka mingi marubani walifundishwa kungoja barafu ifikie unene fulani kabla ya kuiwasha, kwa imani kwamba ukiiwasha mapema barafu itajenga daraja juu ya mpira na mpira utabaki ukivimba bure chini yake. Mwaka 2008 Bodi hiyohiyo ya Marekani ilitoa tahadhari ikiwataka marubani waiwashe mara wanapoingia kwenye barafu, isipokuwa kitabu cha ndege yao kinaeleza vingine, kwa kuwa imani ile haina ushahidi kwa mipira ya kisasa. Walimu mlio hapa, kama bado mnafundisha kungoja, nawasihi mrudi kwenye kitabu cha ndege mnayofundishia, mkisome upya, na mfundishe kilichoandikwa humo.

Kuna kisa kingine ambacho si cha ndege ndogo ya binafsi, lakini somo lake ni letu. Tarehe 31 Oktoba 1994, ndege ya abiria aina ya ATR 72 iliyotoka Indianapolis kwenda Chicago ilikuwa ikizunguka angani karibu na Roselawn, Indiana, ikisubiri zamu yake, ndani ya manyunyu yenye matone makubwa yanayoganda. Matone hayo yaliganda nyuma ya mipira, mahali ambapo mipira haifiki, yakajenga tuta juu ya bawa. Muda wote huo ndege ilikuwa ikiendeshwa na mtambo wa kujiendesha, na mtambo ukavumilia kimyakimya. Ulipofikia mwisho wa uwezo wake ukajizima wenyewe, na ndege ikabingirika. Watu 68 walikufa.

Mnaona hatari ilipo? Mtambo wa kujiendesha hauchoki na haulalamiki. Unainua pua kidogo, unasahihisha mlalo kidogo, na mikono yako, ambayo ingehisi usukani ukiwa mzito au mlegevu, iko mapajani. Ndani ya barafu, uzimeni mtambo huo, au angalau uzimeni mara kwa mara mwisikie ndege yenyewe. Msiuache ushike kimo huku kasi ikiliwa. Na mipaka ya vifaa muikumbuke: hata ndege iliyoidhinishwa kwa barafu kwa kawaida haikuidhinishwa kwa mvua inayoganda wala kwa manyunyu ya matone makubwa. Ndege nyingi za binafsi, zile tunazozirusha sisi, hazikuidhinishwa kwa barafu yoyote ile. Vifaa hivyo vinakununulia muda wa kutoka. Havikununulii haki ya kukaa.

Basi tutoke kwenda wapi? Mimi husisitiza kwamba swali hili lijibiwe ardhini, mafuta yakiwa bado hayajatiwa. Kimo cha nyuzi sifuri leo ni kipi? Mawingu yanaishia wapi juu, na chini yake kuna nafasi ya kutosha juu ya milima? Nikishuka futi 3,000 nitakuta hewa ya joto au nitakuta ardhi? Rubani asiyeweza kujibu maswali haya kabla ya kuruka hana njia ya kutokea, hata kama utabiri ni mzuri. Ikiwa mvua inaganda juu yako, kwa kawaida ipo hewa yenye joto juu zaidi ambamo mvua hiyo ilianzia, na ndege yenye nguvu ikipanda mapema huweza kuifikia. Ndege isiyo na nguvu isijidanganye. Kwa ndege nyingi zetu mimi ninaona kugeuka kurudi ndiko kunakofaa, kwa sababu hewa uliyotoka unaijua. Geuka kwa mlalo mdogo, ilinde kasi yako, na unapokwenda kutua usiharakishe kushusha vibawa vya ukingo wa nyuma wa mabawa. Mkia ni mwembamba kuliko bawa, kwa hiyo hukusanya barafu haraka zaidi, na kuna ndege ambazo mkia wake hushindwa pale hasa vibawa vinaposhushwa. Tua kwa kasi ya ziada, kwenye njia ndefu, kwa jinsi kitabu chako kinavyoelekeza.

Kwa kuwa vitu vyembamba hukusanya barafu kwanza, usiikodolee macho sehemu nene ya bawa. Angalia kijiti cha kipimajoto kinachochomoza nje ya kioo, au pembe ya fremu ya dirisha. Ukiona pale pameanza kuota ukungu mweupe wenye vijipembe vidogo vinavyoelekea mbele, mkia wako tayari una zaidi ya hapo. Huo ndio wakati wa kuondoka.

Na wapo wasiosubiri hata kupaa. Asubuhi ya tarehe 4 Januari 2002, huko Birmingham, Uingereza, ndege ya biashara aina ya Challenger 604 ilikuwa imelala nje usiku wenye baridi kali. Ndege nyingine uwanjani zilisafishwa barafu asubuhi ile. Hiyo haikusafishwa. Kinasa sauti kilionyesha kwamba marubani waliitaja jalidi, yaani utando mwembamba wa barafu, iliyokuwa kwenye ukingo wa bawa, kisha wakaendelea na shughuli. Mara ilipoacha ardhi ndege ikalalia upande wa kushoto, ncha ya bawa ikagusa chini, ikapinduka. Wote watano waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walitaja pia uchovu wa safari na dawa ya kawaida isiyohitaji cheti kuwa huenda vilipunguza umakini wa marubani. Hata hivyo jalidi ile waliiona. Mnakumbuka nilivyosema mwanzoni? Waliiona.

Jalidi haionekani vizuri kwa macho alfajiri, hasa kwenye bawa jeupe. Panda ngazi, vua glavu, upitishe kiganja kitupu juu ya bawa kuanzia ukingo wa mbele kwenda nyuma, kisha fanya hivyohivyo kwenye mkia. Kikikwaruza, ndege hiyo hairuki mpaka isafishwe yote, mabawa yote mawili sawasawa. Usitegemee upepo wa kupaa uipeperushe. Theluji laini huenda ikapeperuka, lakini kilichogandamana chini yake kitabaki.

Kwa wale wanaoruka kwenye joto na wanaodhani hotuba hii haiwahusu, nitasema machache. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa ya injini, hupoza hewa inayopita ndani yake kwa nyuzi 20 au zaidi, kwa hiyo barafu huweza kuziba koo la injini siku yenye nyuzi 25 na unyevu mwingi, anga ikiwa haina hata wingu. Mizunguko ya injini ikishuka bila sababu, fungulia joto la kabureta lote, na injini ikikohoa zaidi wakati barafu inayeyuka, usilifunge.

Sasa nawageukia ninyi ndugu wa marubani. Katika ndege ndogo abiria ndio familia, na familia ina haraka zake: kuna harusi, kuna sikukuu, kuna mgonjwa anayesubiri. Rubani anayejua kwamba watoto wamekaa nyuma wakihesabu saa za kufika kwa bibi yao hugeuka kurudi kwa uzito kuliko rubani aliye peke yake. Simlaumu. Lakini ninyi mnaweza kumpunguzia uzito huo, na mnaweza kuupunguza nyumbani kabla hamjaondoka. Mwambieni kwa maneno yanayosikika kwamba akirudi katikati ya safari hamtamuuliza kwa nini, wala hamtamkumbusha baadaye mbele ya wageni. Wekeni fedha ya kulala njiani na ya nauli ya kuendelea kwa barabara, ili kurudi kusiwe hasara inayobishaniwa. Mkiona weupe kwenye fremu ya dirisha lenu, semeni. Hakuna rubani mwenye akili timamu atakayekasirika kwa kuambiwa.

Namalizia kwa zoezi, na Mwenyekiti ameniruhusu. Kuna sentensi ambayo marubani wengi hawajawahi kuitamka kwa sauti maishani mwao, na ndiyo maana siku inapohitajika ulimi unakwama na badala yake linatoka ombi la upole. Kipaza sauti kitapita kwa kila mwanafunzi na kila rubani aliyemo humu. Taja jina la ndege yako, kisha sema: "Natangaza dharura, nina barafu kali, nageuka sasa kurudi nilikotoka." Usiseme "naomba". Usiseme "ikiwezekana". Sema kimo unachoshukia au unachopandia, na uanze kugeuka ukiwa bado unaongea. Tuanze na safu ya mbele, upande wangu wa kulia. Karibu, ndugu yangu, simama.